Kamanda ndani ya deraya: jinsi ya kuzisoma picha za Renaisansi

Kila inapozunguka mtandaoni picha ya kale ya mwanamume aliyejifunika chuma kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, maswali hayabadiliki. Kweli alipigana akiwa amevaa vile? Alisimamaje saa zote hizo mbele ya mchoraji na mzigo ule mwilini? Na kama yuko vitani, mbona kofia ameivua? Wapo wanaojibu haraka kwamba yote yalikuwa maigizo, na wapo wanaoichukua picha kama ripoti kutoka uwanja wa mapambano. Pande zote mbili zinadhani picha ilichorwa ili kuonyesha vita, na hapo ndipo zinapokosea. Ilichorwa ili kuonyesha cheo, haki ya kutawala na heshima ya ukoo. Chuma chenyewe, hata hivyo, mara nyingi kilikuwa cha kweli kabisa, na baadhi ya deraya zilizochorwa bado zipo hadi leo, unaweza kuzilinganisha na picha zake kipande kwa kipande.

Tuanze na maneno matatu. Renaisansi ni kipindi cha takriban mwaka 1400 hadi 1600, kilichoanzia katika miji ya Italia, ambapo wasomi na wasanii walirudi kujifunza kwa bidii kutoka Roma na Ugiriki ya kale. Deraya, kwa maana tunayoitumia hapa, ni vazi la bamba za chuma cha pua zilizofuliwa kufuata umbo la mwili wa mwenyewe na kuunganishwa kwa ribiti, bawaba na mikanda ya ngozi. Vazi la pete ndogondogo za chuma lilikuwa la karne za nyuma zaidi, ingawa pete hizo ziliendelea kutumika kuziba kwapa, kinena na sehemu nyingine ambazo bamba haziwezi kufika. Kondotiere ni kamanda wa kukodiwa: ana askari wake, anaingia mkataba na Florence, Venice au Papa kwa muda na malipo yaliyoandikwa, na mkataba ukiisha yuko huru kumtumikia mwingine. Watawala wa miji midogo kama Urbino waliishi kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo sifa ya ukamanda kwao ilikuwa mali.

Sasa uzito, maana hapo ndipo uzushi mwingi ulipo. Deraya kamili ya vitani ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, na uzito huo haukuning'inia sehemu moja. Bamba za kifua na mgongo zilikaa mabegani na kiunoni, na bamba za mikono na mapaja zilifungwa kwa kamba kwenye koti la pamba lililoshonwa kwa ajili hiyo. Mtu aliyezoea alitembea, alipanda farasi mwenyewe na aliinuka akianguka. Ile hadithi kwamba shujaa alipandishwa juu ya farasi kwa winchi haina ushahidi wowote wa wakati ule. Kilichomchosha mtu ndani ya deraya ni joto na kukosa hewa, hasa kofia ikiwa imefungwa. Deraya za mashindano ya mikuki ndizo zilizokuwa nzito zaidi, nyingine zikipita kilo 35, kwa sababu mvaaji wake alihitaji kukaa juu ya farasi kwa dakika chache tu na kupokea pigo moja kutoka upande mmoja unaojulikana.

Ukilijua hilo, unaweza kuanza kusoma picha kwa vipande. Angalia upande wa kulia wa kifua: ukiona kiegemeo cha chuma kilichochomoza kama ndoano, hiyo ni sehemu ya kuwekea mkuki mzito wa mpanda farasi. Angalia miguu: mtu mwenye bamba za kiwiliwili na mikono bila chuma miguuni amejitambulisha kama ofisa wa askari wa miguu au wa ngome. Ndivyo El Greco alivyomchora Vincenzo Anastagi mnamo 1575 huko Rome, katika picha iliyopo makumbusho ya Frick, New York. Anastagi alipigana Malta wakati Waturuki walipoizingira mwaka 1565, na kwenye picha amevaa deraya ya kiwiliwili juu ya suruali pana za mahameli ya kijani, kofia yake ikiwa sakafuni. Mavazi hayo yanalingana barabara na kazi yake ya uofisa katika ngome ya Sant'Angelo, huko huko Rome. Mchoraji hakubahatisha.

Kuhusu kofia, sababu ni rahisi: picha imelipiwa ili uso uonekane. Lakini kofia haikuachwa kabisa. Iliwekwa mezani, juu ya rafu au sakafuni, mahali mkono unapoweza kuifikia, ili mtazamaji ajue kwamba mwenyewe yuko tayari. Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, anaonekana hivyo kwenye picha ya altare iliyochorwa na Piero della Francesca miaka ya 1470, ambayo sasa ipo Brera, Milan. Amepiga magoti mbele ya Bikira Maria akiwa na deraya mwilini, na kofia yake yenye bonde la pigo imewekwa chini mbele yake. Anaonekana upande wa kushoto wa uso kwa sababu jicho lake la kulia lilitoka kwenye mashindano ya mikuki. Picha nyingine yake, ambayo bado ipo kwenye kasri la Urbino, inamwonyesha ameketi na deraya kamili huku akisoma kitabu kikubwa, mwanawe mdogo akiwa pembeni. Hakuna mtu anayevaa chuma mwili mzima ili akae kusoma. Picha inatamka madai mawili kwa pamoja: huyu ni askari, na huyu ni msomi. Anayeitafutia siku na saa ilipotokea anapoteza muda wake.

Je, kamanda alisimama mbele ya mchoraji na chuma chote kile? Kwa kawaida hapana. Mchoraji alihitaji muda mfupi na mtu mwenyewe kwa ajili ya uso na mikono. Deraya ilipelekwa karakana ikavikwa kwenye kiunzi, au ikavaliwa na kijana wa kazi, na ikakaa huko kwa wiki kadhaa. Mfano ulio wazi ni Francesco Maria della Rovere, naye mtawala wa Urbino, aliyechorwa na Titian kati ya 1536 na 1538. Deraya yake ilitumwa Venice kwa Titian, na mwaka 1536 mwenyewe akaandika barua akitaka irudishwe mara kazi itakapokwisha, kwa kuwa alikuwa anaihitaji. Miaka michache kabla, 1532, mwanawe Guidobaldo alimzuia mchoraji Bronzino huko Pesaro kwa sababu alikuwa akisubiri deraya mpya kutoka Lombardia na hakutaka kuchorwa bila hiyo. Kijana wa miaka 18 hivi, asiye na ushindi wowote wa kujivunia, alijua tayari chuma kile kingemsemea nini.

Inafaa kuitazama picha ya baba yake kwa karibu, maana ndani yake yamo karibu yote yanayohitajika kuelewa aina hii ya uchoraji. Ipo Uffizi, Florence. Francesco Maria amesimama, deraya nyeusi inayong'aa, mkono wa kulia umeshika fimbo ya amri na kuiegemeza kiunoni. Nyuma yake kuna rafu iliyofunikwa mahameli mekundu, na juu yake iko kofia yenye pambo la joka. Fimbo aliyoshika ni ya Venice, mwajiri wake wa wakati ule, aliyempa ukamanda mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Kwenye rafu zipo fimbo nyingine mbili, ya Papa na ya Florence, waajiri wake wa zamani. Katikati ya fimbo hizo limesimama tawi la mwaloni, mti ulio nembo ya ukoo wake. Kwa hiyo mtu wa zama zile alipoitazama rafu ile aliona historia nzima ya ajira ya kamanda huyu, na akaona kwamba baada ya waajiri wote hao amebaki kuwa mtu wa ukoo wake. Mchoro wa kalamu wa maandalizi umebaki, unamwonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni. Picha iliyokamilika inaishia mapajani. Ukiziweka pamoja utaona kilichopatikana: uso, fimbo na rafu vimesogea karibu na mtazamaji, na kifua cha chuma kimekuwa kitu kikubwa kuliko vyote.

Na kifua hicho ndicho kilichowashangaza watu. Mwandishi Pietro Aretino, rafiki wa Titian, alisifu jinsi wekundu wa mahameli ulivyojitokeza ndani ya chuma. Kuelewa kwa nini alisifu hilo na wala si ndevu au macho, inabidi kuelewa chuma kinavyochorwa.

Chuma cha pua kilichosuguliwa karibu hakina rangi yake. Chukua sufuria mpya inayong'aa, iweke dirishani karibu na kitambaa chekundu, kisha itazame bila haraka. Utaona mstari mweupe mwembamba, ambao ni dirisha. Pembeni yake, ghafla, pana ukanda mweusi. Zaidi ya hapo kuna wekundu uliobanwa na kupindika, na kwenye ukingo wa upande wa kivuli kuna mwanga hafifu unaotoka mezani. Ule ujivujivu tunaouita rangi ya chuma ni vitu vya jirani vilivyochanganyika. Kwa hiyo mchoraji wa deraya kwa kweli huchora chumba kizima ndani ya kioo kilichobinuka, na kila bamba lina mbinuko wake.

Rangi za ute wa yai zilizotumika zamani hazikuifaa kazi hii vizuri. Hukauka haraka mno, huwezi kulainisha mpaka wa rangi mbili, na haziwezi kuwa nzito na angavu kwa pamoja. Rangi ya mafuta, inayosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani au ya jozi, huchelewa kukauka na hupitisha mwanga. Wachoraji wa Flanders, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni Ubelgiji, walitangulia hapa: Jan van Eyck, mwaka 1436, alimchora Mtakatifu George huko Bruges akiwa na deraya inayoakisi joho jekundu la Bikira Maria. Waitalia walilichukua somo hilo na kulikuza.

Kazi ilikwenda hivi. Turubai la kitani lilipakwa gundi ya ngozi ya wanyama ili mafuta yasile nyuzi, kisha jasi kwa tabaka jembamba. Jasi ikiwa nene hupasuka turubai linapokunjwa, na picha nyingi za Venice zilisafirishwa zikiwa zimekunjwa. Baada ya mchoro, umbo lote la deraya lilijazwa rangi ya giza: nyeusi ya mifupa au ya mkaa pamoja na udongo wa kahawia. Juu yake zikaja rangi za kati, nyeupe ya risasi ikichanganywa na nyeusi na buluu kidogo, zikivutwa kufuata mbinuko wa bamba. Zilipokauka, miakisi ya rangi ilipakwa kwa tabaka jembamba lenye mafuta mengi: nyekundu penye mahameli, kahawia ya joto penye ngozi au mbao. Mwisho kabisa, brashi iliyobeba nyeupe nzito ya risasi iligusa mahali pachache, ikaachwa hapo hapo bila kulainishwa. Mapambo ya dhahabu kwenye deraya nayo yalichorwa kwa rangi za njano na udongo badala ya kubandikwa jani la dhahabu. Leon Battista Alberti, msomi wa Kiitalia aliyeandika kitabu kuhusu uchoraji, alikuwa ameshalishauri hilo mwaka 1435, akisema ustadi ni kuionyesha dhahabu kwa rangi.

Makosa yanajulikana na hurudiwa hadi leo na wanaojifunza. Nyeupe ikipakwa kabla ya tabaka la chini kukauka, huchanganyika nalo na kuwa kijivu kilichokufa. Nyeupe ikiwa katika sehemu nyingi, deraya inafanana na bati lililokunjamana. Mpaka kati ya mwanga na giza ukilainishwa kama wa shavu la mtu, bamba linakuwa ngozi au mpira, kwa kuwa chuma hubadilika ghafla. Na ule mwanga hafifu wa ukingo wa kivuli ukisahauliwa, kifua kinalala bapa.

Hata ukifanya yote sawasawa, kuna kikomo. Giorgio Vasari, alipomchora Alessandro de' Medici mtawala wa Florence mwaka 1534, aliteseka akijaribu kuifanya deraya ing'ae kama ile halisi iliyokuwa pembeni yake. Ameandika mwenyewe kwamba Pontormo, mchoraji mwenye umri na uzoefu kumzidi, alimwambia kuwa maadamu deraya halisi iko karibu, ya kuchora itaonekana ya kuchora, kwani nyeupe ya risasi ndiyo rangi angavu kuliko zote lakini chuma kinaishinda. Akamshauri aiondoe ile halisi, ndipo ataona kazi yake si mbaya. Ushauri huo una thamani mpaka leo: mng'ao kwenye picha unatokana na giza lililouzunguka. Nyeupe ile ile ukiiweka kwenye shati haing'ai hata kidogo.

Vasari aliacha pia barua inayoeleza maana ya picha hiyo, na ni bahati kubwa kuwa nayo, maana mara nyingi tunalazimika kukisia. Anasema deraya nyeupe inayong'aa ni kioo: mtawala awe kioo ambacho watu wake watajitazama katika matendo yao. Kofia iliyo chini inawaka moto, ishara ya amani ya kudumu. Kiti chake ni cha duara, kwa hiyo hakina mwisho, kama utawala unaokusudiwa. Alessandro aliuawa Januari 1537, chini ya miaka mitatu baadaye.

Picha mashuhuri kuliko zote za aina hii ni ile ya Kaisari Charles V juu ya farasi, iliyochorwa na Titian huko Augsburg mwaka 1548 na iliyopo Prado, Madrid. Ina zaidi ya mita 3 kwenda juu. Inaadhimisha ushindi wa Mühlberg wa Aprili 24, 1547, ambapo Kaisari aliwashinda watawala wa Kiprotestanti wa Ujerumani karibu na Mto Elbe. Deraya ni ya kweli: ilifuliwa Augsburg na Desiderius Helmschmid, na ipo kwenye ghala la silaha za kifalme huko Madrid. Lakini tazama kisichokuwepo. Hakuna adui, hakuna askari wake, hakuna maiti, hakuna moshi. Yupo mtu wa miaka 47 aliyesumbuliwa na ugonjwa wa gauti, peke yake, mkuki mkononi, mshipi mwekundu wa makamanda wake kifuani, anga la jioni nyuma. Aretino alikuwa amependekeza sura za Dini na Sifa ziongezwe pembeni. Titian hakuziweka, na kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya picha ilipo, kwa sababu upweke ule unafanya ushindi uonekane ni wa mtu mmoja, jambo ambalo vita halisi haviwezi kamwe kuonyesha.

Tahadhari moja kuhusu majina. Picha ya Antonello da Messina ya mwaka 1475 iliyopo Louvre huitwa "Il Condottiere", na watu huitaja kila mazungumzo ya makamanda yanapoanza. Mtu yule hana hata kipande kimoja cha chuma. Amevaa vazi jeusi na kofia nyeusi, na jina hilo alipewa baadaye sana kwa sababu ya taya lake kali, macho yake na kovu la mdomoni. Hatujui ni nani. Kinyume chake, vijana wengi matajiri walichorwa na deraya bila kuwahi kuongoza kikosi.

Hali ya picha nayo hudanganya. Vanishi ya zamani hugeuka njano, na chuma cheupe kikaonekana shaba. Wengi hudhani ndiyo rangi yake. Msafishaji asiye makini huondoa matabaka membamba ya juu pamoja na uchafu, na ile miakisi myekundu huenda nayo. Turubai likibandikwa upya kwa pasi ya moto, zile nukta nene za nyeupe hubonyea na mng'ao hupotea. Ile ya Charles V ilipata ajali ingali mbichi: upepo uliiangusha ilipotolewa nje ikauke, sehemu ya nyuma ya farasi ikaharibika, na mchoraji wa Augsburg, Christoph Amberger, akasaidia kuitengeneza. Moto wa kasri la Madrid mwaka 1734 ukaigusa tena upande wa chini.

Haya yote yanatuhusu pia katika pwani yetu. Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno aliyeishambulia Kilwa mwezi Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi Agosti, ana picha inayomwonyesha amesimama kwa fahari, nayo hutumiwa mara kwa mara katika simulizi za kuja kwa Wareno. Picha hiyo inatokana na mkusanyiko ulioanzishwa Goa mwaka 1547 na gavana João de Castro, aliyetaka wakuu wote wa Wareno huko India wachorwe kwa mfuatano ukutani. Mwandishi wa historia Gaspar Correia alisimamia kazi hiyo pamoja na mchoraji mwenyeji. Almeida alikuwa amekwisha kufa tangu 1510, na picha za mkusanyiko huo zilipakwa rangi upya mara kwa mara katika karne zilizofuata, mavazi na deraya zikibadilishwa. Anayetaka kujua watu wa Kilwa waliona nini ufukweni mwaka 1505 hawezi kuipata habari hiyo humo. Anayetaka kujua Wareno wa Goa walitaka kuonekanaje mbele ya wageni wao miaka 40 baadaye, ataipata yote.